VAR, Ombi la Kocha au Mwamuzi Aliyeiva: Ligi Yetu Ichague Njia Ipi ya Kupunguza Makosa ya Uamuzi?

Usiku wa tarehe 5 Aprili 2024 nilikuwa katika banda la video huko Temeke, nimebanwa kwenye benchi pamoja na watu waliokuja kutazama marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kati ya Mamelodi Sundowns na Yanga, yaliyokuwa yakichezwa Pretoria. Mchezo wa kwanza, uliopigwa Uwanja wa Benjamin Mkapa tarehe 30 Machi, ulikuwa umemalizika bila kufungana, na kila mtu bandani alijua kwamba bao moja lingebadilisha hesabu zote. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki aliachia shuti kutoka mbali, mpira ukagonga mtambaapanya, ukadunda chini na kurudi uwanjani. Banda zima liliinuka. Kisha tukasubiri, macho kwenye skrini, hadi ilipobainika kwamba waamuzi hawakulihesabu kuwa bao. Dakika 90 zikaisha bila bao tena na Yanga ikatolewa kwa mikwaju ya penalti. Mzee mmoja aliyekaa pembeni yangu, mwenye fulana nyekundu ya Simba, alinishika bega akasema, "Mwanangu, mimi ni Simba tangu utoto, lakini lile lilikuwa bao." Nikamjibu, "Asante, mzee wangu," na sikuweza kuongeza neno.

Mimi ni mwanachama wa Yanga, na ni haki msomaji ajue hilo kabla hajaendelea. Hata hivyo sianzi na usiku ule ili kufufua malalamiko ya klabu yangu. Ninaanza nao kwa sababu mchezo ule ulikuwa na VAR, yaani mwamuzi msaidizi anayetazama marudio ya video. Kilichokosekana ni teknolojia ya mstari wa goli, ambayo humtumia mwamuzi ishara kwenye saa ya mkononi ndani ya sekunde moja kwamba mpira wote umevuka mstari. Kwa hiyo kila ninapowasikia wenzangu tawini wakisema "leteni VAR tupumzike", hujiuliza kama tumekwisha kuelewana ni kitu gani hasa tunachoomba, kinatibu kosa lipi, na kinaacha lipi.

Njia zinazotajwa sana katika mazungumzo ya soka letu ni tatu. Ya kwanza ni VAR kamili, yenye chumba cha video na waamuzi wake. Ya pili ni mfumo mdogo wa video uitwao FVS, ambao kocha ndiye anayeomba tukio litazamwe upya. Ya tatu ni kuachana na mitambo kwa sasa na kuweka fedha kwa mwamuzi mwenyewe: mafunzo, malipo, afya na tathmini. Ninazilinganisha kwa jicho la mtu wa Dar es Salaam anayelipa kiingilio au king'amuzi, na ambaye kesho yake asubuhi atakutana na wapinzani wake kwenye daladala.

Kosa lenyewe hutokeaje

Kwa misimu miwili nilishika kibendera katika mashindano ya mtaa. Uwanja ulikuwa wa vumbi, mstari wa pembeni ulichorwa kwa chokaa ambayo kipindi cha pili kilikuta imekwisha kufutwa na miguu ya watazamaji, na watoto walikaa karibu kiasi kwamba nilikuwa nikiwaruka nilipokimbia. Siku moja kiungo wa timu iliyokuwa nyuma kwa bao moja alipiga pasi ndefu kutoka katikati. Nilisikia mguu ukigonga mpira, nikageuza shingo kutazama safu ya mabeki, nikamwona mshambuliaji akiwa peke yake mbele ya wote, nikainua kibendera. Jioni kijana mmoja alinionyesha video aliyorekodi kwa simu. Mpira ulipopigwa mshambuliaji alikuwa bado hajamfikia beki wa mwisho kwa hatua nzima, yaani hakuwa ameotea.

Nilipokaa kuikokotoa hesabu yake ndipo nilipoelewa. Sheria ya 11, ile ya kuotea, inataka mchezaji apimwe pale tu mwenzake anapougusa mpira, lakini jicho haliwezi kuwa kwa mpigaji na kwa mabeki kwa wakati mmoja. Mshambuliaji akikimbia mita 7 kwa sekunde kuelekea goli, na beki akipanda mita 3 kwa sekunde kwenda upande mwingine, wawili hao wanapishana kwa mita 10 kila sekunde. Shingo ikichelewa sehemu mbili tu za kumi za sekunde, picha inayofika machoni imekosea kwa mita mbili. Sikuwa nimepewa bahasha na mtu yeyote, na sikuwa na timu niliyoipenda pale uwanjani. Waliokuwa wakinitukana kutoka pembeni, wakisema nimeibeba timu kwa mbeleko, yaani kwa upendeleo, walikuwa na haki ya kuumia, ila sababu waliyoifikiria haikuwa ile iliyokuwapo.

Kuna makosa ya namna hiyo, ya kipimo, ambayo jibu lake ni ndiyo au hapana: mpira umevuka mstari au haukuvuka, mchezaji ameotea au hakuotea. Kuna makosa ya tafsiri, kama vile iwapo mkono ulikuwa mahali pake pa kawaida au iwapo mguso ulitosha kumwangusha mtu, ambapo watu wawili waaminifu wanaweza kutazama picha moja na kutofautiana. Na kuna udanganyifu. Mfano wake unaojulikana Afrika ni mchezo wa Novemba 2016 wa kufuzu Kombe la Dunia kati ya Afrika Kusini na Senegal, ambapo mwamuzi Joseph Lamptey wa Ghana alitoa penalti kwa kuunawa mpira wakati mpira ulimgonga mchezaji gotini. FIFA ilimfungia maisha, mchezo ukarudiwa Novemba 2017 na Senegal ikashinda 2-0. Kamera ilisaidia kuonyesha kosa hilo, lakini kilicholisahihisha ni uchunguzi na adhabu. Anayetaka kuchagua baina ya njia tatu nilizotaja aseme kwanza ni kosa lipi kati ya haya linalomuuma zaidi.

VAR kamili

VAR iliingizwa kwenye Sheria za Mchezo mwaka 2018 na kutumika katika Kombe la Dunia la Urusi mwaka huohuo. Katika mfumo ulioidhinishwa wakati huo, inaingilia mambo manne: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji aliyepewa kadi kimakosa badala ya mwingine. Haiingilii kila faulo wala kila mpira wa kurusha. Tena hata katika hayo manne inaingilia pale tu kosa linapokuwa wazi na dhahiri, au tukio zito likiwa limewapita waamuzi bila kuonekana kabisa.

Nguvu yake kubwa ni kwamba hakuna anayehitaji kuiomba. Kila bao hukaguliwa kimyakimya, na mtu aliyeketi mbele ya skrini anaweza kuona kiwiko kilichorushwa nyuma ya mgongo wa refa. Kwa makosa ya kipimo, hasa kuotea, hakuna njia nyingine inayoikaribia. Mashabiki wa Simba wanalijua hilo kwa uchungu wao wenyewe: katika marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane, Uwanja wa Amaan, tarehe 25 Mei 2025, bao lao la kipindi cha pili lilikataliwa kwa kuotea baada ya VAR kuingilia, wakati wakihitaji mabao ili kufuta kipigo cha 2-0 cha mchezo wa kwanza. Niliwaona watu wazima wakilia katika mtaa wetu jioni ile. Uchungu ulikuwa uleule wa siku zote, lakini mjadala wa kesho yake ulikuwa juu ya mstari na bega la mshambuliaji, na hiyo ni hatua mbele ya mjadala wa nani kahongwa.

Udhaifu wa VAR hauko kwenye kamera. Uko kwenye watu na mawasiliano yao. Tarehe 30 Septemba 2023, Tottenham ikicheza na Liverpool katika Ligi Kuu ya Uingereza, Luis Díaz alifunga bao halali, mshika kibendera akaashiria kuotea, na chumba cha VAR kilipokagua kikaona wazi kwamba hakuotea. Lakini aliyekuwa chumbani alidhani uamuzi wa uwanjani ulikuwa bao, akasema ukaguzi umekamilika, na mchezo ukaendelea. Walipogundua kosa lao mpira ulikuwa umekwisha kuanzishwa upya, na sheria hairuhusu kurudi nyuma. Chombo kinachosimamia waamuzi wa kule kilikiri kosa na sauti za chumbani zikatolewa hadharani siku chache baadaye. Liverpool ilipoteza 2-1. Ligi yenye fedha nyingi kuliko zote duniani ilishindwa kwa sababu watu wawili hawakuambiana sentensi moja kamili.

Na pale mitambo inapogoma, hali huwa mbaya kuliko kama isingekuwapo kabisa. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya tarehe 31 Mei 2019 huko Radès ni ushahidi: bao la kusawazisha la Wydad lilikataliwa dhidi ya Espérance, wachezaji wakadai VAR, wakaambiwa haifanyi kazi, wakagoma kuendelea, na ubingwa ukaishia kugombaniwa kwenye ofisi na mahakama ya michezo. Ahadi ya haki iliyovunjika katikati ya mchezo huwasha moto ambao kosa la kawaida la refa lisingeuwasha.

Sasa tuilete kwetu. Ligi Kuu ina timu 16, na kila moja ikicheza michezo 30, jumla ni michezo 240 kwa msimu. Kila mchezo ungehitaji mwamuzi wa VAR, msaidizi wake, fundi wa marudio, chumba au gari lenye mitambo, mawasiliano yasiyokatika, na umeme usioyumba. Watu hao lazima wapite mafunzo na mfumo mzima uidhinishwe na FIFA kabla ya kutumika. Kufanya hivyo Benjamin Mkapa au Chamazi ni jambo moja. Kufanya hivyo Sokoine kule Mbeya na Majaliwa kule Ruangwa, wiki baada ya wiki, ni jambo jingine kabisa. Kishawishi kitakuwa kuanza na viwanja vya Dar es Salaam peke yake. Ninaomba tusikubali hilo kwa hali yoyote. Timu mbili zinazogombea ubingwa mmoja haziwezi kuhukumiwa kwa vipimo viwili, moja ikisahihishiwa penalti yake kwa video na nyingine ikiambiwa ivumilie kwa sababu siku hiyo ilicheza mkoani. Neno "mbeleko", ambalo tayari halikauki midomoni mwetu, lingepata ushahidi wa maandishi kwenye ratiba.

Tena kuna mashabiki walioionja VAR na kuikataa. Norway, Julai 2024, mchezo kati ya Rosenborg na Lillestrøm ulivunjwa baada ya watazamaji kurusha vitu uwanjani kupinga VAR, na Januari 2025 klabu za kule zilipiga kura 19 dhidi ya 13 kupendekeza iondolewe, ingawa mkutano mkuu wa shirikisho mwezi Machi uliamua ibaki. Uingereza nako, Juni 2024, Wolves ilipeleka hoja ya kuifuta. Klabu 19 kati ya 20 zikaikataa. Malalamiko ya pande zote mbili yalifanana: kusubiri kurefu, furaha ya bao iliyogandishwa, na mtu aliyelipa kiingilio kuwa wa mwisho kujua kinachoendelea.

Video kwa ombi la kocha

FVS ilijaribiwa na FIFA mwaka 2024, ikiwemo katika Kombe la Dunia la wanawake chini ya miaka 20 nchini Colombia, na msimu wa 2025/26 Serie C ya Italia ikaanza kuitumia. Imetengenezwa kwa ajili ya mashindano yenye kamera chache. Hakuna chumba wala mwamuzi wa VAR. Kocha ana maombi mawili kwa mchezo. Tukio likitokea, huzungusha kidole hewani na kumkabidhi mwamuzi wa akiba kadi ya ombi kabla mchezo haujaendelea. Refa huenda pembeni, hutazama marudio mwenyewe kwa msaada wa fundi, kisha huamua. Uamuzi ukibadilika, kocha hubaki na ombi lake. Usipobadilika, amelipoteza. Matukio yanayoruhusiwa ni yaleyale manne ya VAR.

Tukiweka mifumo hii miwili pamoja, tofauti ya kwanza ni ya gharama, na kwetu ni kubwa. Michezo ya Ligi Kuu tayari hurushwa na Azam TV, yenye mkataba wa miaka 10 uliotiwa saini mwaka 2021 kwa thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kamera ziko uwanjani. Kinachoongezeka ni skrini pembeni ya uwanja, fundi wa marudio, na mafunzo ya waamuzi na makocha. Hatuhitaji kuwatoa waamuzi wazuri wawili uwanjani kila mchezo ili wakakae chumbani, na kwa nchi yenye waamuzi wachache wenye beji ya FIFA jambo hilo lina uzito.

Tofauti ya pili ni ya kisaikolojia, nami naiona kuwa kubwa kuliko ya gharama. Chini ya VAR, shabiki aliyeona kosa anabaki kuomba kwamba mtu asiyemwona, katika chumba asichokijua, naye ameliona. Chini ya FVS, benchi lake mwenyewe lina haki ya kudai. Kocha akiomba na kukosea, shabiki hana wa kumlaumu nje ya nyumba yake. Kocha akiwa ametumia vibaya maombi yote mawili kipindi cha kwanza, na dakika ya 85 penalti ya haki ikapita, maumivu yatakuwapo, lakini swali litakaloulizwa mtaani ni kwa nini mwalimu aliharakisha. Nimekaa na mashabiki miaka mingi, na ninaamini kwamba kinachotuchoma kuliko kosa lenyewe ni kulitazama likipita huku hakuna mlango wowote wa kubisha.

Sitaki kuficha mapungufu. Kwa kamera nne au tano, mara nyingi hakutakuwa na pembe inayoonyesha kuotea kwa nusu hatua, na shuti kama la Aziz Ki lingebaki fumbo kama hakuna kamera iliyo sawasawa na mstari wa goli. Kama fedha zinaruhusu nyongeza moja tu, basi iwe kamera hiyo, moja kila upande. Makocha nao watajaribu kulitumia ombi kuvunja kasi ya mpinzani anayeshambulia. Na refa anayetazama kosa lake mwenyewe, mbele ya watu elfu 60 pale Mkapa, anahitaji moyo wa kukiri ambao haununuliwi pamoja na skrini.

Kuwekeza kwa mwamuzi

Hapo ndipo njia ya tatu inapoingia, nayo huwa haina watetezi wengi kwa sababu matokeo yake hayaonekani Jumamosi ijayo. Tarehe 12 Januari 2022, katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Cameroon, Janny Sikazwe wa Zambia, refa mwenye uzoefu mkubwa, alipuliza kipyenga cha mwisho mchezo wa Tunisia na Mali ukiwa dakika ya 85, akaendelea, kisha akaumaliza tena kabla ya dakika 90 kutimia. Baadaye ilielezwa kwamba joto lilikuwa limemzidi nguvu. Wanaocheza saa kumi jioni mwezi wa Februari hapa Dar es Salaam wanaelewa maana yake. Mwili wa mwamuzi ukichoka, macho huchoka nao, na hakuna VAR itakayompa pumzi.

Malipo yanayofika kwa wakati, kambi za mazoezi, marudio ya video ya michezo yake mwenyewe kila wiki, na mtathmini anayemweleza ukweli: haya hupunguza makosa ya tafsiri, yale ambayo kamera haiwezi kuyamaliza. Pia humkinga mwamuzi dhidi ya bahasha, kwani mtu anayedai posho za miezi kadhaa ni rahisi kushawishika kuliko anayelipwa stahiki yake.

Lakini njia hii peke yake haitoshi, na wanaosema "tuwafundishe tu waamuzi wetu" wanapaswa kuitazama Euro ya 2012. UEFA ilikuwa imeweka waamuzi wa ziada nyuma ya kila goli, watu waliokabidhiwa kazi ya kutazama eneo lile. Tarehe 19 Juni, Ukraine ikicheza na Uingereza, shuti la Marko Dević lilivuka mstari, John Terry akauondoa mpira, na mwamuzi aliyesimama hatua chache kutoka pale hakuona bao. Bao la mkono la Maradona mwaka 1986 na shuti la Lampard lililovuka mstari bila kuhesabiwa mwaka 2010 yanafundisha hilohilo: mafunzo hayawezi kumpa binadamu jicho la kupima sentimita katika kasi ile.

Kuagiza waamuzi kutoka nje, kama ilivyofanyika kwa watani wa jadi Juni 2025 walipochezeshwa na waamuzi kutoka Misri, ni dawa ya siku moja. Hutuliza mchezo ule na kuwaacha waamuzi wetu na ujumbe mbaya.

Mashabiki

Njia yoyote itapimwa na jinsi tunavyoipokea sisi wa majukwaani. Tarehe 24 Mei 1964 huko Lima, bao la Peru dhidi ya Argentina lilikataliwa, watu wakaingia uwanjani, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, na watu 328 wakafa, wengi wao wakibanwa kwenye ngazi zenye milango iliyofungwa. Tarehe 1 Desemba 2024 huko N'Zérékoré, Guinea, vurugu zilizoanza kwa kupinga uamuzi wa refa ziliua watu 56 kwa hesabu ya serikali. Miaka 60 imetenganisha misiba hiyo na mfuatano wake ni uleule. Wiki mbili tu baada ya ule wa Guinea, hapa kwetu Benjamin Mkapa, Simba ilipata bao la ushindi dhidi ya CS Sfaxien ndani ya dakika za nyongeza, wageni wakamzonga mwamuzi, vurugu zikapanda majukwaani na viti vikang'olewa. Januari 2025 Simba ikalazimika kucheza na CS Constantine uwanja ukiwa mtupu. Tulikuwa na bahati kwamba tulipoteza viti na mapato tu.

Hasira ya uwanjani haizuiliwi kwa matangazo ya kutuomba tuwe wastaarabu. Hupungua pale mtu anapopewa maelezo. Katika Kombe la Dunia la wanawake la mwaka 2023, waamuzi walitangaza kwa kipaza sauti sababu ya uamuzi uliotazamwa kwenye video, na Ligi Kuu ya Uingereza ikafuata msimu wa 2025/26. Vilevile utaratibu wa nahodha pekee kumwendea refa, uliotumika Euro ya 2024, hauhitaji kununua chochote, na wachezaji wasipomzingira mwamuzi, jukwaa nalo hukosa ishara ya kulipuka.

Uchaguzi wangu

Kwa mashindano ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, yanayochezwa Dar es Salaam, na kwa Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027 tutakazoandaa pamoja na Kenya na Uganda, VAR kamili haina mbadala, tena ikiambatana na teknolojia ya mstari wa goli. Huko michezo ni michache, viwanja vinachaguliwa, na waamuzi wa video wanatoka bara zima.

Kwa Ligi Kuu yenye michezo 240 na viwanja vya hadhi tofauti, nachagua FVS, na naichagua kwa sharti kwamba ianze viwanja vyote siku moja. Kama haiwezekani kuianza kote, ningependelea tusubiri msimu mmoja kuliko kuianza Dar es Salaam peke yake. Tofauti ya gharama kati yake na VAR kamili iende moja kwa moja kwenye posho na kambi za waamuzi, kwa fungu linalotajwa wazi kwenye bajeti, kwa sababu bila hilo refa atakwenda kwenye skrini akiwa na hofu ileile aliyokuwa nayo katikati ya uwanja. Na kwa ligi za mikoa na za vijana, ambako kamera hazipo, fedha zote ziende kwa mwamuzi na utaratibu wa nahodha uanze sasa.

Anayethamini usahihi wa kuotea kuliko yote atatofautiana nami, na ana hoja. FVS itamwacha na makosa kadhaa kila msimu ambayo VAR ingeyakamata. Mimi nayapima dhidi ya ligi ambamo klabu ya Kigoma au ya Ruangwa ina haki ileile ya kuomba video kama Simba na Yanga, na kwangu mizani inalala upande huo.

Pendekezo nililolipeleka tawini lina kipengele kimoja zaidi, ambacho wenzangu walikijadili kuliko vingine vyote: refa akitoka kwenye skrini awashe kipaza sauti na kusema kwa Kiswahili alichokiona. "Baada ya kutazama video, hakuna penalti, mpira ulimgonga beki begani." Tulipoisoma sentensi hiyo kwa sauti huku mmoja wetu akishika saa, haikufika sekunde kumi.